Kijiko cha Synnøve

Vadsø, 7 Februari 1993

Dada Målfrid,

Huku wazima, kama mtu wa miaka hamsini na nne mwenye goti bovu anaweza kuitwa mzima. Jua limerudi wiki mbili zilizopita, linachungulia saa chache halafu linakimbia. Bandarini kazi ni ileile, kuhesabu makreti ya samaki na kugombana na madereva. Natumaini huko Otta mko salama, na mume wako Gudmund kifua kimempungua.

Umepiga simu mara mbili na sikupokea. Nilikuwepo. Kwenye simu wewe unalia na mimi nanyamaza, tunamaliza bila kuambiana kitu. Kwa hiyo naandika.

Aslaug anaumwa. Ini. Yuko hospitali Tromsø, na madaktari wanasema labda afike kiangazi, labda asifike. Nilikwenda kumwona wiki iliyopita. Tulikuwa hatujaonana miaka kumi na moja. Amekonda mpaka nilimpita kitandani nikaenda kumsalimia mgonjwa mwingine. Akaniita, "Oddvar, hata sasa unanikimbia?" Nikacheka, maana sikujua la kufanya.

Hakuniomba kitu ila kimoja. Anataka kijiko cha ubatizo cha Synnøve. Anataka akishike, na akifa aende nacho. Unakumbuka mwaka 1971, tulipoachana, kila mmoja alisema akae nacho yeye, tukafikia mahali pa kupigania kijiko cha mtoto wetu aliyeishi wiki tisa. Wewe ukasema, "Nipeni mimi, mimi navipenda vijiko, kitakaa salama." Nikakutia mkononi ndani ya bahasha.

Kitume kwa rejista. Usikae nacho.

Oddvar


Otta, 3 Machi 1993

Mdogo wangu Oddvar,

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikakaa, nikaisoma tena. Maskini wifi yangu. Nimemkumbuka alivyokuwa anatugeuzia mikate ile myembamba juu ya bamba la moto, anacheka huku anaungua vidole. Mwambie shangazi wa Synnøve anamuombea, hata kama yeye na maombi hawapatani.

Gudmund anakohoa bado. Daktari kamwambia aache kiko, naye kahamishia kiko gereji, anadhani mimi sina pua. Theluji imefika madirishani. Mbwa wa jirani kafa, tumemlaza kwenye banda mpaka ardhi iyeyuke tumzike.

Vijiko vyangu sasa vimefika hamsini na vitatu. Najua utacheka, lakini ukija nitakuonyesha. Kipo kimoja nimekipata Novemba kwenye gulio la mitumba, ndani ya sanduku la uma zilizopinda: Birger, amezaliwa 1931, saa kumi na robo alfajiri, gramu elfu nne na mia moja. Fikiria mtoto wa ukubwa huo. Nina hakika alikuwa mkata magogo, mpole, hakuoa, alipenda uji wa malai. Na kipo cha Ragna, 1948, kina alama za meno. Kila mtoto wa nchi hii amepewa kijiko cha fedha siku ya maji ya ubatizo, jina lake mgongoni, na saa, na uzito, halafu anakufa na watoto wake wanakitupa kwenye sanduku pamoja na vifungua chupa. Mimi navichukua. Navisugua. Mtu lazima ajue majina yao. Gudmund ananiita mwenye makaburi. Mimi sijali.

Kile cha Synnøve kipo. Ila tunapaka rangi sebule, na kabati limefunguliwa, vitu viko kwenye maboksi mpaka kwenye ngazi. Nitakitafuta kazi ikitulia. Nakutumia glavu za sufu umpelekee Aslaug, hospitalini mikono hupoa.

Dada yako,
Målfrid


Vadsø, 14 Machi 1993

Dada,

Nimeomba kijiko, umenitumia glavu.

Glavu nimempelekea. Amezivaa. Akaniuliza, "Na kijiko?" Nikasema dada yangu anapaka rangi. Akasema, "Anapaka kwa brashi ya meno?"

Nina safari ya Tromsø mwanzoni mwa Mei, baada ya hapo sijui. Acha sebule. Weka brashi chini ufungue maboksi. Mimi sina habari nyingine, goti ni lilelile.

Oddvar


Otta, 25 Aprili 1993

Mdogo wangu mpenzi,

Unisamehe kimya hiki. Mwezi mzima nilikuwa na mafua, kisha Pasaka, Gudmund akateleza kwenye barafu akavunja kidole. Sasa barafu ya mtoni imepasuka, maji yanapita yamechafuka, na tumeshaanza kula nje mchana, tumefunika magoti kwa blanketi.

Kijiko hiki hapa. Kimo ndani ya pamba. Usishangae kinavyong'aa, nimekisugua mpaka mkono ukauma, kilikuwa kimeshaingia weusi miaka yote hiyo. Ua la waridi kwenye mpini liko vilevile. Mpe wifi, mwambie kimekaa mahali pazuri.

Huna haja ya kunishukuru. Usiniandikie hata kunishukuru, nitaelewa.

Målfrid


Vadsø, 16 Mei 1993

Målfrid,

Kesho ni sikukuu ya taifa na bendi inafanya mazoezi chini ya dirisha langu tangu asubuhi. Nimefunga dirisha nikuandikie.

Nilimpelekea tarehe sita. Alikuwa ameketishwa kwa mito. Nikamfungulia ile pamba, nikamtia kijiko mkononi, akakishika, akafumba macho, nikasema moyoni, haya, angalau hili nimelifanya. Nikageuka kumimina kahawa. Nilipotazama alikuwa amevaa miwani, anakigeuza huku na huku kwenye mwanga. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nani amemsahihisha mtoto wangu?"

Sikumwelewa. Akanipa. Nikasoma. Synnøve, 9 Oktoba 1966, saa tisa na dakika kumi, gramu 2300, sentimita 46. Ni sahihi kila kitu. Ndivyo alivyozaliwa, mdogo kama mkate wa maziwa. Na ndiyo maana nikajua kwamba kijiko si chake.

Sikiliza sasa nikwambie kitu ambacho tulikijua watu wawili na baba yake Aslaug aliyekinunua. Sonara alikosea. Aligeuza tarakimu, akachora 3200. Baba mkwe alitaka kukirudisha, akaona haya, mzee wa watu. Aslaug akakataa kisirudishwe. Akasema, "Kiacheni. Kwenye fedha atakuwa mnene." Ulikuwa ni mzaha wetu wiki zote tisa. Kila akipimwa na yule muuguzi wa watoto, Aslaug alikuwa akisema bado kidogo atakifikia kijiko chake. Hakukifikia. Baada ya hapo hatukuutaja tena mzaha huo, na nadhani hata kuachana tuliachana kwa sababu hatukuweza kuutaja.

Kwa hiyo umekwenda kwa sonara, ukanunua kijiko kipya, ukachora mtoto upya. Uzito umeupata wapi? Kwenye daftari la mama, bila shaka, alimokuwa akiandika wajukuu wote. Umefanya bidii, hilo sikunyimi.

Lakini miaka ishirini umekaa na kile kijiko. Unajua Birger alizaliwa saa ngapi. Unajua Ragna alikuwa na meno. Na cha mtoto wa ndugu yako wa damu hukukigeuza nyuma hata mara moja ukakisoma?

Kiko wapi?

Oddvar


Otta, 30 Mei 1993

Oddvar,

Nimelia siku mbili na Gudmund ameshindwa hata kula.

Ni kweli. Sina la kuficha sasa. Yalikuwa makosa, makosa matupu. Unajua jinsi bendi ya shule ya hapa inavyofanya kila Septemba: wazazi wanapita nyumba kwa nyumba na tela, kila mtu anatoa alichochoka nacho, wanauza ukumbini wapate nguo za watoto na tarumbeta. Mwaka jana nilikuwa napangua kabati. Vijiko vya bati vilivyopakwa fedha juu nilikuwa naviweka kwenye boksi la bendi, vya fedha tupu navirudisha. Kikaingia cha Synnøve kwenye boksi lisilo lake. Tela likaja, baba mmoja akabeba, mimi nikampa na keki juu. Nilikuja kugundua Krismasi. Nimezunguka magulio yote ya bonde hili tangu hapo, Oddvar, nimekaa ndani ya kumbi zenye baridi nikipekua masanduku mpaka vidole vikapasuka.

Ulipoandika Februari sikuwa na uso wa kukujibu. Nikaona wifi anaumwa, asingejua tofauti, angetulia. Nilimtakia mema.

Nitaendelea kutafuta. Mwambie hivyo.

Målfrid


Vadsø, 20 Juni 1993

Målfrid,

Aslaug amefariki tarehe kumi na moja, Ijumaa, mchana. Amezikwa kwao Lenvik. Tulikuwa watu tisa. Hali ya hewa ilikuwa nzuri.

Sikumwambia kwamba unatafuta. Kijiko chako aliniambia nikiache mezani pake, akakikorogea kahawa mpaka siku ya mwisho alipoweza kunywa. Alisema kijiko ni kijiko. Wauguzi walinirudishia pamoja na miwani na zile glavu. Kaburini hakwenda nacho. Hakwenda na kitu.

Barua yako ya mwisho ningeiamini kama ningekuwa sikujui. Wewe fedha na bati unatofautisha kwa kuuma na jino. Tukiwa wadogo ulikuwa ukifanya hivyo mezani kwa watu mama akatamani kuzama ardhini. Hujawahi kukosea kijiko. Na kile kilikuwa ndani ya bahasha yenye mwandiko wangu. Ili kiingie kwenye boksi la bendi, ilibidi mtu akitoe kwenye bahasha.

Sitakuandikia mpaka uniambie lililotokea. Nina muda, hakuna mtu wa kumkimbilia tena.

Oddvar


Otta, 19 Septemba 1993

Ndugu yangu,

Miezi mitatu nimeianza barua hii na kuichana. Miti ya huku imeshageuka njano. Gudmund amechinja kondoo wawili, leo tunapika nyama na kabichi, nyumba nzima inanuka pilipili manga. Hajui ninaandika nini. Anadhani ni orodha ya dukani.

Nilikitoa kwenye bahasha kwa mkono wangu.

Miaka yote kilikaa kwenye droo ya chini, nikavipanga vingine juu yake. Watu wakija nawaonyesha vijiko, nawahadithia: huyu alikuwa mkunga, huyu alizama, huyu alioa mara tatu. Wanapenda. Mimi napenda zaidi yao. Wewe hujui raha ya kitu cha mgeni, Oddvar. Kimeshashikwa, kimeshapendwa, na hakikudai kitu. Unaweza kumlilia Birger kwa dakika tano, ukafunga droo, ukaenda kumenya viazi. Lakini kila nilipofungua ile droo ya chini, nilijua kilichokuwemo. Hicho ndicho kijiko pekee nilichokuwa siwezi kukitungia uongo. Huyo nilimbeba. Nilikuwepo asubuhi ile Aslaug alipoita. Mimi ndiye niliyemvalisha, maana ninyi hamkuweza, na nguo ya ubatizo ilikuwa bado inamzidi. Sikuweza kukigeuza nikasoma. Nilijaribu mara moja, mwaka sabini na nne, nikatapika.

Basi mwaka jana nikapangua kabati, nikafika droo ya chini, nikasema imetosha. Nikakitoa bila kukitazama, nikakisokomeza katikati ya vijiko vya bati. Nilijua kitaonekana. Nilijua kitanunuliwa na mtu kama mimi, asiyejua kitu, ambaye atakipenda kirahisi. Nilijiambia huo ni wema kwake. Na droo ilipokuwa tupu nililala vizuri, usiniulize zaidi.

Hukuja kukichukua miaka ishirini na moja. Hilo pia nilijiambia. Ulinipa nikubebee kilichokushinda wewe, ukahamia mwisho wa dunia kuhesabu samaki.

Sasa la pili. Nimekipata.

Mwanamke mmoja wa bendi alikumbuka mnunuzi wa vijiko, mama wa Ringebu anayeitwa Borghild, mjane, ana mguu mmoja mfupi. Nilikwenda kwa basi Jumanne. Nikamwambia nakusanya vijiko, na mara moja tukawa marafiki, akatoa keki, akatandaza kitambaa cheusi na kuvipanga juu yake. Anavyo thelathini na kimoja. Akakichukua kimoja pembeni, akakifuta kwa aproni, akasema, "Huyu ndiye kipenzi changu. Huyu Synnøve."

Nikamuuliza kwa nini.

"Sijui tu. Nilimpenda nilipomwona. Huyu anafundisha watoto kuogelea, mahali fulani pwani. Mkorofi kidogo. Ana watoto wawili, wa pili hafanani naye kabisa. Na kila Jumapili anampigia mama yake simu wanagombana, halafu Jumatatu anampigia tena wanapatana."

Nikasema, "Umejuaje?"

Akacheka. "Mtu na vijiko vyake. Wewe vyako huvijui?"

Nikamwomba aniuzie. Akasema vyote vinauzwa ila hicho. Ningeweza kumwambia mimi ni shangazi yake. Maneno yalikuwa mdomoni, Oddvar, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikaomba kahawa nyingine. Nilimwona alivyokuwa amekishika, nikafikiri, pale alipo ana hali nzuri kuliko alivyokuwa kwetu. Nikamwacha. Nikapanda basi la saa tisa.

Fanya utakavyo na haya.

Målfrid


Vadsø, 27 Septemba 1993

Målfrid,

Gudmund msalimie, na pole ya kidole.

Barua yako nimeisoma mara nne. Umeandika kurasa sita, na nzuri, umenitoa hata machozi kwa huyo Birger wako. Neno la kuniomba radhi nimelitafuta, sikuliona. Limo neno la kunilaumu. Ulinilaumu kwa haki, kwa hiyo hilo nimelipokea. Kweli nilikukabidhi nikakimbia. Aslaug aliniambia hivyohivyo kabla wewe hujaniambia, naye alikuwa na haki zaidi.

Lakini ulikaa mezani, kijiko kiko mbele yako, ukaomba kahawa nyingine. Aslaug alikuwa ameshakufa miezi mitatu, hakukuwa na wa kumpelekea, hilo najua. Ungefungua mdomo hata hivyo. Ungesema tu kwamba alikuwepo. Kwamba alikuwa mtoto wa watu, hakutungwa na mtu. Hilo sitakusamehe, na usiniandikie kunieleza.

Nitumie anwani ya huyo Borghild. Anwani tu, kwenye kadi, usiongeze kitu. Sitamnyang'anya kijiko na sitamwambia mimi ni nani. Nimeomba likizo. Jumamosi, tarehe tisa Oktoba, Synnøve anatimiza miaka ishirini na saba, na mimi sijawahi kuketi na mtu anayejua habari zake. Nitakunywa kahawa ya huyo mama, nimsikilize mpaka achoke. Nataka kujua wale watoto wawili wanaitwa nani.

Wewe usije.

Oddvar